Pua ya Lafaele na Sikio Lake

Lafaele wa kisiwa cha Savaii alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto tangu utotoni. Basi ukimwita hakugeuzii uso, hukugeuzia sikio la kulia, na pua inaelekea kwingine kabisa. Kijijini walishamzoea. Ila mkwewe, mzee Apelu wa kijiji jirani, hakumzoea ng'o. Kila akimsemesha, kijana anatazama migomba! Mzee akaapa kwamba binti yake Sieni ameolewa na mwenye dharau.

Vijiji hivyo viwili vilipopangiwa kucheza kriketi ya kienyeji, ile ya kuimba huku mnacheza na anayeshindwa anachinja nguruwe, Sieni alimwonya mumewe asubuhi na mapema.

"Baba Tavita, leo baba yangu yupo. Ukisikia kitu, kitazame kwa macho kama watu. Usiniaibishe."

Lafaele akakubali. Alimpenda mkewe, na kule kuchukiwa bure ukweni kulikuwa kumemchosha roho.

Sasa, kazi yake katika timu ilikuwa moja tu. Mpira ukipotelea kwenye magimbi, yeye ndiye anayesikia ulipoangukia, na wenzake hukimbilia linakoelekea sikio lake, maana wapinzani hujizolea alama mpaka mpira urudi. Pua hawakuiangalia, ilishawapoteza zamani.

Mpira wa mwisho ukapaa juu ya minazi, ukaanguka pu! Lafaele akakaza shingo, akautazama kwa uso mzima kama alivyoagizwa. Wenzake, masikini, wakafuata sikio. Wakapekua vichaka vitupu huku yeye kasimama anaukodolea mpira, kajaa fahari. Alipozinduka na kuukimbilia, wageni walishaanza kucheza ngoma ya ushindi.

Nguruwe aliyechinjwa alikuwa wake mwenyewe. Wenzake walimnunia, lakini mzee Apelu alimketisha ubavuni pake, akamkatia mnofu.

"Leo umenitazama, mwanangu," akamwambia.

Mzee akaongea, na nyimbo zikapamba moto. Lafaele akamkazia macho kwa adabu zote, asiambulie neno, akawa anatikisa kichwa kukubali kila midomo ya mzee ilipotulia.

Njiani kurudi akamuuliza mkewe baba alikuwa anasema nini.

"Kakuomba tuhamie kwake, ukamlimie magimbi," Sieni akajibu, anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Nawe umekubali, mbele ya watu wote."