Kikombe cha Bati

Kwa miaka mingi kundi letu la maigizo lilifanya mazoezi nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Kapata. Mwenye nyumba alikuwa msimamizi mstaafu wa karakana ya mgodi. Tulimwita Tata, yaani baba. Alitupa uwanja, benchi na makoti yake ya zamani. Sisi tukamfanya mlezi wetu. Hakutufundisha kuigiza. Aliketi mbali, ukutani, na kemeo lake lilikuwa moja: "Mutu ya nyuma hasikie! Munaongea na kuku?"

Mimi sikuwahi kuigiza. Kazi yangu ilikuwa kuwanong'oneza wenzangu maneno waliyosahau, na zamu yangu ilipokwisha nilikaa karibu naye. Nilisikia mapafu yake yakiharibika kabla wengine hawajajua. Mwishoni sauti ilikwisha. Akawa anagonga kikombe cha bati kwenye mguu wa kiti, nasi tukajua kwamba hatusikiki.

Alipofariki, wanawe walikuwa wamemtangulia bila kuacha watoto. Kwetu hilo ni jambo zito. Mzee akifa, wajukuu huvaa nguo zake, humwigiza mbele ya waombolezaji na kumcheka. Asiyechekwa huzikwa kama mpita njia.

Kaka yake alifika kutoka Lubudi. Hata kuketi hakuketi. "Nani atamucheka?"

Mjane alituonyesha kwa kidevu. "Bajukulu ni hawa."

"Hawa? Hii ni kilio, mama, si teatri."

"Tata mukubwa, ni hawa balikuwa banamubeba ku choo. Weye ulikuwa wapi?"

Mzee alikwenda kuketi nyuma ya watu wote, langoni, mikono kifuani.

Mwigizaji wetu hodari alijaribu kuvaa koti la marehemu, akashindwa kwa kulia. "Weye ndiye ulikaa naye," akaniambia, akanitupia.

Nikavaa koti na kofia yake ngumu ya kazini. Nikatembea alivyotembea, bega moja chini, nikakagua sufuria za wapishi kama mashine zenye hitilafu. Akina mama wakaangua kicheko. "Ni yeye! Ficheni mwiko, atawaandikia kosa!"

Kisha ikabidi niseme. Ningeweza kutumia sauti yake ya zamani, ile ya kukemea. Lakini mjane alikuwa ananitazama mdomo, na yeye alikuwa ameishi na ile nyingine, ya siku za mwisho. Nikaitoa hiyo: pumzi, mluzi wa kifua, neno lisilofika popote. Kicheko kikakatika.

"Huku nyuma hatusikie!" kaka yake akapaza sauti kutoka langoni. Hakujua neno hilo lilikuwa la nani.

Nikaokota kikombe chake cha bati chini ya kiti chake, nikagonga mguu wa kiti.

Mjane akainuka mkekani, akaja na jagi, akakijaza maji. Alifanya hivyo kwa mazoea ya kumnywesha mumewe kila alipogonga. Kisha akabaki amesimama, akitazama uso wangu chini ya kofia ile, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Hakuna aliyejua kama nilikuwa nimemcheka marehemu au la. Nikavua kofia.

Alasiri, wakati wa kuinua jeneza, wanaume wa ukoo walijipanga pande zote. Kaka yake akamsogeza mmoja.

"Mujukulu," aliniita bila kunitazama, "kuya, kamata ku kichwa."

Nilijiandaa kwa uzito. Benchi letu la mazoezi lilikuwa zito kuliko lile sanduku, Tata akiwa ndani.