Jirani wa Nyumba ya Kisiwani

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo moyo hunienda mbio. Nilikuwa kijana, sina hata unywele mweupe, na mume wangu kaingiwa na hamu ya kununua nyumba katika kisiwa kidogo cha Karibiani, huko mbali kwa ndege juu ya ndege. Mimi kusoma kwangu kidogo, pengine nitayasema mambo kombo, univumilie.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na bimkubwa, mama yangu mzazi, aliyekataa kubaki peke yake mjini kwetu Ibra. Nyumba, sikatai, ilikuwa nzuri. Baraza ikitazama bahari, na dalali akisema watalii hawatakosekana. Ila kuipata ilitubidi tuuze shamba letu la mitende la Ibra, la urithi, pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji. Mnunuzi wa shamba alikuwa akingoja simu tu. Kesho yake asubuhi tutie saini, tutoe arbuni, malipo ya kwanza. Sikuipenda biashara ile, lakini nilinyamaza. Nikijiambia, wewe utajua nini?

Bimkubwa akauliza, "Jirani mshakwenda kumwamkia?"

Mume wangu akacheka. "Mama, huku si Ibra. Huku watu hununua kwa karatasi."

"Karatasi haitakuletea uji ukiugua, baba. Nipe tende zangu."

Tukamfuata na buibui lake mpaka nyumba ya pili. Bibi mmoja alikuwa kibarazani akimenya mbaazi. Bimkubwa akampa tende, akakaa, akaanza kumenya naye. "Ala! Kumbe na huku wanakula mbaazi!" Mume wangu akawa mkalimani. Yule bibi akauliza tumefuata nini, akaambiwa. Mikono yake ikasimama.

"Ile ni ardhi ya babu yetu," akasema. "Sote tuna fungu. Anayeuza ni mmoja, mtoto wa ami yangu. Walioko Uingereza hawajaulizwa. Na mimi sijaulizwa."

Mume wangu akasema dalali kamhakikishia karatasi ni safi. Nisimdhulumu mtu: huenda kwa sheria ya kwao zilikuwa safi. Na huenda bibi yule alikuwa na ugomvi wake na jamaa yake. Nani mkweli, hadi leo sijui.

Bimkubwa akanigeukia mimi, si mkwewe. "Wewe, umenyamaza nini? Ile nyumba yetu ya Unguja tuliyonyang'anywa, wanayolala wengine, nani alituuliza sisi? Leo na wewe ukalale katika ya watu? Cha mtu mavi! Sema na mumeo, huna mdomo?"

Nikamgeukia mume wangu. "Bwana, tusitie saini mpaka warithi wote waulizwe."

"Na ikichukuliwa na mwengine?"

"Ichukuliwe."

Dalali hakukubali kungoja, na kweli ikachukuliwa. Shamba likabaki letu. Mume wangu alininunia njia nzima, na siku nyingi baadaye nilijiuliza kama sikumfungia mlango wa riziki yake. Wala sikusikia kwamba aliyeinunua alipata hasara, nisije nikakudanganya.

Sasa nawe juzi umenionyesha kwenye simu picha za visiwa vile vile. Sikukatazi, mwanangu, riziki Mungu kaitawanya dunia nzima. Lakini kizuri hakikosi ila, basi itafute ila kabla hujatia mkono. Usinunue picha. Nenda, kaa na watu wa hapo, uliza nani kazaliwa humo, nani ana fungu, nani hajaridhia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Cha mirathi usikiuze kwa papara ya dalali. Na moyo ukikupiga, useme, hata mbele ya waliosoma. Mimi nilikaribia kunyamaza hadi mwisho, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mungu akupe nyumba ambayo hakuna aliyelia kwa kutolewa humo, akupe na usingizi mwema ndani yake, wewe na wanao. Amin.