Miezi Minne na Siku Kumi

Nyumbani kwetu Rumonge, babu alikuwa "safarini Kigoma" tangu mwaka wa sabini na mbili. Ndivyo bibi alivyowaambia watoto wake, na ndivyo mama alivyoniambia mimi. Mtu wa safarini hasomewi hitima. Hilo ndilo lililonikera. Marehemu wa mtaa mzima walisomewa, babu yangu hayumo, kama vile hakuzaliwa. Nikaapa nitaitafuta siku aliyokufa hata kama itanizeesha.

Bibi hakupenda. "Achana na makaratasi, mutoto wangu," aliniambia. "Yatakumaliza macho." Mimi nina kichwa kigumu, na nimekirithi kwake.

Nilianzia komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu. Karani alinitazama juu hadi chini. "Mwaka ule wa mauaji, mama? Hiyo vitabu haiko." Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Alipoanza kunikimbia nikapanda basi hadi Bujumbura, nikakaa maktabani na magazeti ya zamani, yale yanayomeguka mkononi. Siku tatu sikuona kitu ila sherehe za uhuru na bei ya kahawa. Siku ya nne, chini ya ukurasa wa mwisho, tangazo dogo la Kifaransa: wenye viwanja Rumonge wasioonekana, familia zao zifike komini kutoa maelezo. Jina la sita lilikuwa la babu, na kiwanja ni hiki tunapoishi, alichokinunua mwaka wa uhuru. Nililia pale pale, mbele ya watu waliokuwa wanasoma.

Kama kiwanja bado ni chetu, basi kuna mtu alikwenda kutoa maelezo. Safari hii sikumwomba karani, nilimwekea nakala ya tangazo mezani nikamwambia alete faili la viwanja, siyo la vifo. Akalileta, akapuliza vumbi. Ndani kulikuwa na karatasi moja: mume amefariki, siku, mwezi, mashahidi wawili. Mahali pa sababu pameachwa wazi. Chini kabisa, alama ya kidole gumba cha mkewe.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Miaka yote hiyo alijua. Nikamwekea nakala mapajani, hata kumwamkia sikumwamkia.

Bibi hajui kusoma, lakini kidole chake alikijua.

"Mwenzake aliyechukuliwa naye alirudi, akanieleza," akasema. "Nilikuwa na watoto watano. Mjane anakaa eda ndani, miezi minne na siku kumi. Nani angeenda Kizuka kuchukua mawese? Nani angeuza sokoni? Ningetoka, watu wangenisema. Basi nikasema yuko safarini. Komini walipotaka kiwanja, nikaenda kimyakimya nikaweka kidole."

"Na mama je? Na sisi?"

"Nilikuwa nangoja wakue. Halafu nikaona haya."

Hasira ikaniisha, nikakaa chini karibu na miguu yake. Niliona aibu kwa jinsi nilivyoingia.

Hitima ilisomwa Ijumaa ile. Shehe akamweleza bibi kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo yake ilikwisha zamani, hadaiwi kitu. Bibi akamshukuru. Wageni walipoondoka akavua hereni, akanipa nimshikie, akaingia chumbani.

"Sasa mawese mutachukua wenyewe," akasema, akafunga mlango.