Makaburi Yaliyotakiwa Kiriri

Kilichonitoa nyumbani ni barua. Ilisema wataalamu watakutana Bujumbura kuwasikiliza watu waliotolewa misituni, na kwamba sisi Batwa wa upande wa Kongo tulete shahidi mmoja aliyezaliwa humo. Msitu wetu, uliofanywa hifadhi ya sokwe, uko nyuma ya Bukavu, na Bujumbura ni safari ya siku nzima, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliozaliwa msituni wamekwisha kufa wote isipokuwa shangazi yangu Furaha, aliyekimbilia Bujumbura wakati wa vita na kubaki huko akiwa mpishi. Nikatumwa mimi, kwa kuwa nimesoma, nimchukue tukaombe ruhusa ya kurudi kwetu. Dosiye, yaani faili la madai yetu, ingefungwa Ijumaa.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi pale Bukavu. Tuliteremka milima ya Ngomo huku abiria wote wakiwa wacha Mungu ghafla, tukapita Kamanyola, na joto la bonde la Ruzizi likatupokea. Mchana, mpakani, askari wa Burundi aliniuliza nakuja kufanya nini.

"Kutafuta kwetu," nikamjibu.

Akaitazama karatasi yangu. "Kwenu si ni kule unatoka?"

Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Akacheka, akagonga muhuri.

Jioni nilifika Mutanga Nord, mtaa wa Bujumbura. Shangazi anakaa chumba cha uani kwa bosi wake. Alinipa ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, akanikagua kama mtu anayenunua mbuzi.

"Umekonda. Kule hamukule?"

"Tunakula, Shangazi."

"Muongo sawa baba yako."

Nilipomweleza shida yetu aliacha hata kutafuna. "Mi nitasema majina yote," alisema. "Kila pahali tulilala. Hata pale nyuki iliuma baba yako ku mudomo." Akaanza kuyataja huku akichambua maharage ya bosi, na hakukosea hata moja.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa Kiriri, mtaa wa kilimani, katika jumba ambalo ukisimama bustanini unaona jiji lote na ziwa. Ukutani ilitundikwa picha ya msitu, kubwa kuliko nyumba yangu, yenye sokwe mmoja na bila mtu hata mmoja. Tulipewa chai na biskuti. Mwenyekiti, bwana mpole wa miwani, alimvutia Shangazi kiti kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi akataja mito, mapango na miti ya asali, na mwandishi akaandika bila kuinua kichwa. Nilifurahi mno, sitaficha. Nilikwisha kujiona niko njiani kuelekea msituni.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Sasa mama, makaburi ya wazazi yenu iko wapi? Mutu anaikala pahali, anazika pale. Ndiyo preuve, ushahidi."

"Makaburi ya nini, mesiye? Sisi hatukai na maiti. Mutu akikufa, tunamufunika, tunabomoa kibanda, tunahama. Haturudie pale tena."

Nilimkanyaga mguu, lakini maji yalikwisha kumwagika.

"Kumbe mulizoea kuhama?"

"Sana!" alisema Shangazi kwa fahari.

Mwenyekiti akamgeukia mwandishi. "Andika: walihama wenyewe, kufuatana na mila yao."

Shangazi akainuka. "Apana. We andika bien, andika muzuri. Ile siku walinzi ya hifadhi walikuya na bunduki, hakuna mutu alikuwa amekufa. Hakuna hata mutu alikuwa mugonjwa. Ile haikuwa kuhama."

Mwandishi akauliza hilo aliandike katika kifungu gani. Mwenyekiti akaigeuza fomu mbele na nyuma, akasema, kwa masikitiko ambayo naamini yalikuwa ya kweli, kwamba nafasi yake haimo. Dosiye ikafungwa kwa kukosa makaburi. Shangazi alikataa kutia dole gumba, akakusanya biskuti zote zilizobaki mezani, akazitia mkobani.

Tuliteremka Kiriri kwa miguu. Njiani alilia, nami nikalia.

"Ni mi nimeharibu?"

"Apana, Shangazi. Umesema kweli."

"Ningenyamaza."

Jumapili nilifika nyumbani, pale vibanda vyetu vilipojipanga kando ya barabara. Watu walikuwa wananingoja. Niliwaambia nilichojifunza Bujumbura, kwamba mwenye ardhi ni mwenye kaburi. Kaka yangu akageuka kutazama nyuma ya vibanda, na sote tukatazama huko.

Tangu tufukuzwe tumezika wengi pale. Mama yangu yuko hatua kumi kutoka jikoni. Siku tuliyomzika tulibomoa kibanda chake kama ilivyo desturi, tukafunga mizigo, tukakaa juu ya mizigo hiyo mpaka jua likazama, kwa sababu hapakuwa na pa kuhamia. Kesho yake tukakijenga palepale. Kwa sheria ya Kiriri, basi, kwetu ni hapa, kati ya lami na uzio wa shamba la mtu. Ushahidi tunao, na kila mwaka unaongezeka.