Bendera Nyekundu Mlangoni

Walipoanza kutia lami mtaa wetu wa Kariakoo, mume wangu alipata kazi ya kushika bendera. Nyekundu, magari yasimame. Kijani, yapite polepole, maana upande mmoja ulikuwa umechimbwa na wa pili umemwagiwa kokoto. Mimi nilikaanga vitumbua barazani, karibu na aliposimama, kwa hiyo nilimwona kutwa nzima. Nilijivunia. Leo hata neno hilo linanichoma.

Madereva wengi walisimama. Mmoja tu, wa lori la mchanga, alikuwa na mchezo wake. Yeye Mnyamwezi, mume wangu Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za misafara. Kila akija na kuiona bendera nyekundu aliongeza mwendo, akalielekeza lori kwa mume wangu, kisha akakanyaga breki karibu naye kabisa. Mtaa mzima ulicheka. Mume wangu alimjibu kwamba Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo kichwani, usukani kaupata wapi. Baadaye walikula vitumbua vyangu pamoja, sahani moja.

Mimi sikucheka. Nilimwambia mume wangu ampashe mwenzake: penye kazi ya barabara hapana mchezo, apunguze mwendo kama wenzake wote. Nilisema kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikanuna.

"Mtani hakasirikiwi, mke wangu," alinijibu. "Nikimwambia naogopa, nitatembea na uso gani hapa mjini?"

Basi nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Asubuhi moja mafundi walikuwa wamemwaga kokoto mpya juu ya lami ambayo haijashika. Lori likaja kama kawaida, bendera nyekundu iko juu, watu wameshaanza kucheka. Dereva akakanyaga breki pale pale alipozoea. Magurudumu yalisimama, lori likaendelea kuteleza. Mume wangu hakukimbia, maana hakuwahi kukimbia. Kicheko kilichukua muda kukoma.

Polisi walimhoji dereva, wakamwachia jioni. Kila shahidi alisema ni kokoto. Walisema kweli, na mimi niliichukia kweli hiyo.

Kesho yake, jeneza lilipokuwa likitolewa, wazee walimsukuma yule dereva mbele. Ni kazi ya mtani kuzuia maiti mlangoni na kufanya mzaha mpaka apewe chochote, na mtani wa marehemu aliyejulikana na wote alikuwa yeye. Alitazama huku na huku. Bendera nyekundu, iliyoletwa na nyapara wa mafundi, ilikuwa imeegemezwa nyuma ya mlango. Akaichukua, akaiinua.

"Simama," alisema.

Wabebaji wakasimama papo hapo, na mzigo wote ule mabegani. Wanawake wakacheka, kama desturi inavyotaka, wengine huku wanalia. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga, matusi yamenijaa kifuani, nayo hayakuwa na pa kwenda. Yule mtu alisimama mlangoni na bendera ya mume wangu, machozi yanamtiririka, na hata kumchukia vizuri sikuweza. Shangazi yangu aliyeketi nami akanigusa bega, akaninong'oneza nicheke japo kidogo, watu wasije wakasema nimemkasirikia mtani.

Nikacheka.