Kwaya Iliyofuata Shingo ya Mideva

Mideva wa Buruburu alishaukubali uzee kila mahali isipokuwa machoni. Miwani ya kusomea aliiona ya kina nyanya, na yeye bado ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama kanisani. Shida ni kwamba wimbo wa Jumapili ulikuwa mpya, na Mwelu, mwanakwaya mwenye macho ya mwewe, alishasema mbele ya watu, "Dada Mideva akikwama, mimi nipo."

Ndipo mpwa wake Lorine, fundi wa simu, akamletea miwani nyeusi inayomwonyesha mvaaji maneno yakielea hewani.

"Senge," Lorine alimwita shangazi yake kwa Kiluhya, "unaona?"

"Naona siafu."

"Miwani ina doti zake, vile vinukta vya mwanga, haziongezeki. Herufi ndogo inapata doti chache, ndiyo maana inavurugika. Tukiikuza inapata nyingi."

Mideva akatazama kitambaa cha kochi alichokuwa akishona kwa kroshia. "Kama ua. Ukilibania uzi linabaki fundo tu."

"Hapo sasa. Lakini maua makubwa hayaenei mengi kwa..."

"Weka kubwa kabisa."

"Senge, maneno yatatoka nje ya..."

"Lorine. Kubwa kabisa."

Jumapili herufi zilikuwa safi, ndefu kama milango. Tatizo, neno moja tu ndilo lililoenea machoni. Mengine yalijipanga hewani kuelekea kulia, na ikabidi ayafuate kwa shingo. "Tumevuka" alilikuta juu ya madhabahu, "mito" dirishani, na kufikia "kwa neema" alikuwa anaiimbia spika. Kisha akarudi kushoto mbio kuuwahi mstari uliofuata.

Sasa, kwaya ile ina sheria moja: kiongozi akifanya jambo, mnafanya. Akina mama wakageuza shingo kulia polepole, halafu kushoto, fyu! Ubeti wa pili wakaongeza mabega. Mwelu naye akageuka, maana ukitazama mbele peke yako, wewe ndiye unayeonekana umekosea.

Waumini wakasimama wakipiga makofi. Wimbo ukaisha bila neno kupotea.

Nje, Mwelu alimfuata akijikanda shingo. "Dada, hiyo staili mlifanyia mazoezi lini?"

"Ilinijia tu."

"Pasta anataka tuirudie askofu akija." Mwelu akashusha sauti. "Nifundishe. Kule kushoto nilikuwa nachelewa."

Mideva alitaka kumtazama, ila shingo ilikataa katakata. Akauambia ua wa michongoma uliokuwa mbele yake, "Simama nyuma yangu, mama. Unifuate tu."