Viti 621, simu ikasema 851: hesabu ya kichwa ilivyomnyamazisha Meneja wa Tegeta

Wakuu, heshima kwenu wote mliomo humu, wenye vyeti na wasio na vyeti.

Haya yamenitokea mie mwenyewe, Tegeta hapa hapa. Waliokuwepo wapo hai na baadhi yao wanasoma jukwaa hili kimyakimya bila kukomenti. Nikiongeza chumvi wataniumbua, kwa hiyo naleta bila chumvi.

Niliporudi kutoka Muscat nikatangaza kwamba nafungua biashara ya kukodisha viti na maturubai. Nilidhani nitapongezwa. Kumbe watu walikuwa wameshapanga mambo nitakayoshindwa.

Mjomba wangu Festo, mwenyekiti wa kwaya kule Ubungo, alisema mbele ya ukoo mzima: "Biashara ni hesabu. Wewe tebo ya saba ilikuliza darasani mpaka mwalimu akakuonea huruma."

Mama Keisha, mama mwenye nyumba wangu, akasema: "Nyie wa Uarabuni mnakujaga na manukato, mwezi haujaisha mnakuja kuomba kitunguu."

Halafu kuna Meneja.

Meneja ndiye aliyekuwa ameshika shughuli zote za Tegeta, harusi mpaka misiba. Meneja wa nini, hakuna anayejua. Hana ofisi, hana karani, ana kirikuu kimoja, kile kigari chake cha kubebea viti, na simu kubwa kama sinia. Nilipomwambia nina diploma ya ugavi alicheka hadi akashika ukuta. "Diploma! Haya, kaitandike watu waikalie."

Sawa.

Sasa wakuu, niwape siri ambayo hao watatu hawakuijua. Kule Muscat nilikuwa kwenye ghala la marumaru, na sheria ya ghala ilikuwa moja: simu unaiacha getini. Hakuna kalkuleta. Msimamizi wetu, mzee mmoja wa Kihindi asiyecheka, alikuwa anapita kati ya mizigo anauliza, "Safu ngapi? Kila safu boksi ngapi? Jumla?" Ukisema "subiri kidogo", anahamia kwa mwenzako, na mwenzako ndiye anayepandishwa cheo.

Nikajifunza. Mie niliyelizwa na tebo ya saba nikawa nazidisha namba za tarakimu mbili huku natembea. Na nikapandishwa cheo. Hilo naliandika kwa makusudi ili mjomba alisome.

Turudi Tegeta.

Bi Zuhura ni mama wa Kiarabu wa Mikocheni, familia yao wana maduka tangu enzi za babu zao. Alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, na shughuli aliitaka kwenye kiwanja chao cha Tegeta. Wageni mia sita. Akatuita wawili, mie na Meneja, tukakutane naye kiwanjani. Atakayemridhisha anachukua kazi.

Wakuu, kwangu hiyo haikuwa oda tu. Bi Zuhura ana mabinti wanne na ndugu wasiohesabika. Ukimfurahisha, umepata shughuli za ukoo mzima. Ukimuudhi, kafunge maturubai yako ukauze maji ya kunywa.

Tukapima na futi kamba. Upana ukatosha viti 23 kwa mstari. Urefu ukatosha mistari 27. Hapo wote tulikubaliana.

Bi Zuhura akauliza, "Haya wanangu, vinaingia viti vingapi?"

Nikajibu hapo hapo: "Mia sita ishirini na moja, mama."

Meneja alikuwa bado anafungua simu kwa alama ya kidole, na kidole kina jasho, simu inamkataa bosi wake.

Nilifanyaje? Angalieni. 23 na 27: makumi yanafanana, yote ni mbili. Mamoja, tatu na saba, ukijumlisha unapata kumi. Ukikuta hivyo, chukua ile mbili uizidishe na namba inayoifuata, yaani tatu. Unapata 6. Halafu zidisha mamoja, tatu mara saba, 21. Bandika pamoja: 621. Kwisha habari. Inafanya kazi kila pale makumi yanapofanana na mamoja yanapojumlika kuwa kumi, na haihitaji bando.

Meneja akapata jibu lake, akainua simu juu kama anayeonyesha kadi nyekundu. "Mia nane hamsini na moja! Mama, huyu anakupunja viti mia mbili na ushee. Mie nakuwekea vyote mia nane hamsini na moja."

Bi Zuhura akanitazama. Kiwanja kizima kikanitazama, mpaka mlinzi wa getini.

"Simu haikosei, braza," Meneja akasema. "Kichwa ndicho kinakosea."

Nikamwambia, "Meneja, mistari ingekuwa thelathini kamili, viti vingekuwa 690. Mistari yenyewe haifiki thelathini. Sasa hivyo 851 unavipanga wapi, juu ya paa la jirani?"

Meneja akainua simu juu zaidi.

Bi Zuhura akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Akavaa miwani. Akasoma polepole, kama anayesoma jina la mgonjwa: "Ishirini na tatu, mara, thelathini na saba." Akamrudishia. "Baba, hiyo simu haikukosea. Umeiuliza kiwanja cha watu wengine."

Nilianza kutabasamu, wakuu. Ningengoja kidogo, maana mama akanigeukia na mie.

"Na wewe mtaalamu. Umejaza kiwanja ukuta kwa ukuta. Mwanangu apite wapi na mumewe? Atambae chini ya viti?"

Njia ya maharusi! Katika zulia lote lile la viti sikuacha njia. Kwenye ghala la marumaru hakuna bibi harusi anayepita, hilo ndilo tatizo.

Meneja akaruka, "Ndiyo mama, mie nilikuwa nataka kusema hilo!" Akaanza kubonyeza simu upya kutoka mwanzo.

Mie sikuanza upya. Njia inakula viti viwili kila mstari. Mistari 27, viti viwili viwili, 54. Toa kwenye 621. "Vinabaki 567, mama. Wageni thelathini na tatu watakosa viti."

"Hao wasikusumbue," akasema. "Mashangazi zangu hawakalii plastiki hata uwabembeleze. Watandikie majamvi mbele, wamwone bibi harusi vizuri."

Akaondoka. Akiwa mlangoni mwa gari akageuka, "Wewe wa 567. Ijumaa ijayo viti viwe hapa." Meneja alikuwa bado yuko kwenye kuzidisha.

Kazi nikaipata. Sasa viti.

Vyangu vilikuwa mafungu 14, kila fungu viti 16 vilivyopandana. Hapa msibonyeze chochote. 14 na 16 zimesimama pande mbili za 15. Kumi na tano mara kumi na tano ni 225. Toa moja, 224. Kwa nini moja? Kwa sababu kila namba iko mbali na 15 kwa hatua moja, na moja mara moja ni moja. Ingekuwa 13 na 17, mbali kwa mbili, ungetoa nne, unapata 221. Rahisi hivyo, na kuna watu wana shahada hawaijui. Siwataji.

Natakiwa 567, nina 224. Ilibidi niende kuazima kwa wale wale waliosema sitaweza.

Nikaanza Ubungo. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeshafilisika?"

Nikamweleza. Akacheka kwanza, akaridhika, ndipo akanipeleka stoo ya kwaya. Mafungu 11 ya viti 13. Akanijaribu: "Haya, vingapi?" Kabla hajafumba mdomo nikasema 143. Kuzidisha kwa 11 ni mchezo wa watoto: tenga ile 1 na ile 3, katikati weka jumla yake, 4. Mjomba akaenda kuhesabu kimoja kimoja kwa kidole. Akarudi, akanipa ufunguo.

Vikabaki 200. Na Tegeta nzima mwenye viti vya hesabu hiyo ni mmoja tu.

Wakuu, nilikwenda kwa Meneja na miguu yangu.

Akanikaribisha kama mfalme. Akawasha kamera ya simu kwanza, kisha ndipo akaanza kuongea, mjomba, aliyenisindikiza kutoka Ubungo, akiwa pembeni yangu. "Jamani, njooni muone kalkuleta ya Muscat imekuja kuazima viti! Haya kalkuleta, hapa kuna mafungu kumi na nane, kila fungu viti kumi na moja, maana kirikuu changu hakibebi fungu refu zaidi. Jumla?"

"Mia moja tisini na nane." Moja, tisa, nane. Ile tisa ya katikati ni moja na nane.

"Mia moja tisini na nane!" akapiga kelele. "Imetema jibu bila betri, bila solar!" Akacheka peke yake, akairusha kwenye stetasi na kwenye kundi la mtaa.

Alipozima kamera akaweka sharti. Kikipungua kiti kimoja wakati wa kurudisha, maturubai yangu yote yanahamia kwake na mie nabeba viti vyake shughuli zinazofuata. Nikakubali. Mjomba alinifinya mgongoni, nikakubali hivyo hivyo.

Viwili vya mwisho nilivitoa sebuleni kwa Mama Keisha. Alivifunga vitambaa vyake vya kufuma ili, kwa maneno yake, visije vikakaa na viti vya baa.

Harusi ilikwenda vizuri. Siwachoshi na hilo. Bibi harusi alipita katikati bila kutambaa, mashangazi walikaa majamvini na kugoma kunyanyuka hata chakula kilipokwisha, na hakuna aliyesimama.

Kesho yake asubuhi tukatenganisha viti kwa alama. Vya kwaya vina msalaba mwekundu, vya Meneja vina doa la rangi ya kucha ya kijani, vyangu vina herufi zangu. Mjomba na Mama Keisha walikuja kusimamia. Mjomba alisema amekuja kwa ajili ya mali ya kwaya, lakini nilimwona anahesabu vya Meneja.

Meneja akafika na kirikuu na simu yake. Akapita kati ya viti, akahesabu, kisha akabonyeza kwa madaha.

"Mafungu kumi na nane, mara kumi na mbili, mia mbili kumi na sita. Hapa viko mia moja tisini na nane. Kumi na nane viko wapi, mtaalamu?"

"Kumi na mbili imetoka wapi, Meneja?"

"Viti vyangu vinafungwaga kumi na mbili kumi na mbili tangu naanza biashara. Mtaa mzima unajua." Tayari alikuwa anayaangalia maturubai yangu, na kwa jicho anayapima upana.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mwizi amekuja, amefungua mafungu kumi na nane, na kila fungu amechukua kiti kimoja tu, hakuzidisha wala hakupunguza? Mwizi huyo ana adabu. Amesoma ugavi?"

Watu wakacheka, lakini kicheko si ushahidi, na ile video alikuwa ameshaifuta kundini. Mjomba alikuwa shahidi, ndiyo, lakini ni mjomba wangu. Neno lake na la Meneja yangegongana na mtaa ungegawanyika nusu kwa nusu.

Ndipo Mama Keisha, yule wa kitunguu, akatoa simu yake kifuani mwa khanga. "Ngojeni kwanza. Ile video niliipakua, maana ilinichekesha."

Akaongeza sauti hadi mwisho. Kiwanja kizima kikasikia sauti ya Meneja mwenyewe: mafungu kumi na nane, kila fungu viti kumi na moja, kirikuu changu hakibebi fungu refu zaidi. Kisha sauti yangu. Kisha ya kwake tena: "Mia moja tisini na nane! Imetema jibu bila betri!"

"Nirudie?" Mama Keisha akauliza.

"Hapana, imetosha," Meneja akasema.

"Narudia," akasema, na akarudia.

Kumbe kila mtu alikuwa nayo. Meneja aliisambaza mwenyewe ili mtaa mzima unicheke, na mtaa ukamtunzia. Akapakia viti vyake mafungu ya kumi na moja, mie namsaidia kunyanyua na kila fungu namtajia: kumi na moja, ishirini na mbili, thelathini na tatu. Hakutaka nimsaidie. Nilisaidia.

Siku ile ile nilirudisha 143 vya kwaya Ubungo, vimeoshwa. Viwili vya Mama Keisha nikavirudisha sebuleni na vitambaa vyake vimefuliwa. Jioni uani kwangu kulikuwa na viti 224, na hakuna hata kimoja chenye alama ya mtu mwingine. Nilivuta kimojawapo nikakikalia.

Funzo wakuu: kabla hujabonyeza kalkuleta, kichwa kijue jibu linaelekea wapi. Asiyekadiria ataamini chochote kitakachotokea kwenye kioo. Na ukitaka kumcheka mtu, usimrekodi akiwa anasema kweli.

Tahadhari kwa wanaokimbilia kujaribu: mjomba sasa anajitapa kwaya nzima kwa ile njia ya makumi yanayofanana. Juzi aliulizwa 21 mara 29 akasema sitini na tisa. Mbili mara tatu, 6. Moja mara tisa ni 9, lakini nafasi ni mbili, inaandikwa 09. Ni 609, mjomba. Nimekuwekea hapa kwa sababu ulikata simu.

Haya, kabla hamjatoka, jaribuni: 34 mara 36, na kwa wanaojiona wamekomaa, 48 mara 52. Wekeni jibu na njia mliyopita. Wenye njia kali kuliko zangu wazilete, ingawa nina mashaka. Na Meneja, najua unasoma. Karibu ukomenti, weka simu pembeni.